Mshale wa Geji Ulikuwa Unapanda

Evaline wa Mkuu, Rombo, alikuwa na domo tangu utotoni. Mama yake alizoea kusema mtoto huyu hata padri akikosea kwenye misa atamrekebisha. Akasomea ufundi mitambo, akapata kazi kule kusini kwenye visima vya gesi, katika kikosi cha kufufua visima vilivyochoka.

Maana kisima cha gesi nacho huchoka. Mchanga hukiziba, bomba la ndani huliwa na kutu, na gesi iliyokuwa ikitoka kwa kishindo huanza kutoka kwa kukohoa. Hapo kikosi huitwa. Kwanza wanakilaza kisima: wanakisukumia maji mazito ya chumvi mpaka gesi itulie huko chini. Kikishalala ndipo wanafungua kichwa chake, wanang'oa bomba bovu na kuweka jipya. Kazi ya Evaline ilikuwa kukaa kwenye geji, kipimo cha msukumo wa gesi, na kusema kama kisima kimelala kweli.

Siku ile hakikuwa kimelala. Mshale ulikuwa unapanda, polepole, lakini unapanda.

"Bado!" akapiga kelele. "Msifungue!"

Mhandisi Yoramu, mkuu wa zamu, alikuwa amechoshwa na simu za ofisini zilizouliza gesi itarudi lini. "Geji hiyo inasumbua tangu juzi," akasema. "Leodegar, fungua."

Leodegar, kijana wa Rau, Moshi, aliyeshika spana, alimtazama Evaline, akamtazama bosi, akafungua. Gesi ikalipuka kutoka chini, ikarusha chuma, na chuma kikamsaga mkono wa kulia. Wenzake walikimbilia vali ya dharura wakaifunga. Moto haukuwaka, na hiyo ilikuwa bahati tu.

Leodegar alikatwa kiganja, akarudishwa kwao Moshi. Evaline naye aliambiwa apumzike nyumbani, ataitwa kutoa maelezo. Akasubiri. Hakuitwa.

Mvua za masika zilipokatika akashuka Rau na mkungu wa ndizi kwenda kumwona mgonjwa. Mama yake Leodegar, Mama Tereza, alimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzako yuko ndani, siku hizi hatoki."

Leodegar alikuwa amekaa kitandani, mkono ameuficha chini ya shuka. Hakusubiri hata mgeni aketi.

"Dada Eva, unisamehe. Ningewaua wote."

"Wewe? Kwa lipi?"

"Si nilifungua kabla sijaambiwa? Mimi sikumbuki chochote siku ile. Mhandisi alikuja hospitali akanieleza yote. Akasema nimshukuru Mungu kampuni hainishtaki."

Evaline alihisi damu ikimpanda kichwani. Kumkata mtu mkono ni jambo moja. Lakini kumfuata kitandani, akili yake ikiwa bado na dawa ya usingizi, ukamtwisha na dhambi yako aibebe! Alitoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mhandisi, ni Evaline. Niko Rau. Nani alisema fungua?"

"Evaline, haya mambo yalishaisha. Leodegar mwenyewe amekubali."

"Nani alisema fungua?"

"Sasa ulitaka nipoteze kazi? Nina watoto."

Leodegar alitoa mkono chini ya shuka. Mama Tereza, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la mtori wa ndizi, aliliweka chini, akasogea hadi kwenye simu.

"Na huyu uliyemfanya alie kila siku akijiita muuaji," akasema, "huyu alizaliwa na mti?"

Simu ikakatika.

Evaline hakuishia hapo. Alimchukua Leodegar na mama yake wakaenda kwenye ofisi ya kazi, na wote watatu wakasema walichosikia. Aliambiwa apunguze jazba. Akasema jazba yake haijamkata mtu mkono. Walizungushwa, njoo kesho, njoo wiki ijayo, kila mara wakarudi. Mwishowe kampuni ikafuta lawama na kugharamia matibabu ya Leodegar. Kumwomba radhi, hapana. Evaline hakuitwa tena kwenye kikosi, na hakuna aliyemweleza sababu.

Leo anafufua visima vya maji huku Shirimatunda na tambarare za chini. Vijana wanaofanya naye kazi wanamwona mkali kupita kiasi, kwani mtu akigusa spana kabla hajasema yeye, anamfukuza papo hapo. Leodegar anafuga ng'ombe, anakamua kwa mkono mmoja, na anacheka tena.

Juzi mtu aliyefanya nao kazi alimwambia Evaline kwamba Yoramu amehamishiwa kisima kingine, cheo kilekile. Evaline alikuwa anakula. Akasukuma sahani, akanawa, akaenda kukaa nje peke yake, na mumewe alipomfuata kumuuliza kulikoni, alishindwa kusema. Hasira ilimpanda upya, kama siku ile Rau.