Bi Zuhura Hakubonyeza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, muuguzi mmoja wa zahanati ya Bweni alinikasirisha mpaka nikamkatia simu. Nakuhadithia leo kwa sababu jana nimekusikia ukimwambia muuguzi wa Juani, "Bonyeza tu, endelea." Maneno hayo niliyasema kabla yako, na yalinitia aibu.

Usione mvi hizi ukadhani nilizaliwa na kompyuta. Nilikuwa fundi redio. Kazi ya seva, kompyuta inayobeba tovuti, niliianza nimeshapita arobaini, na nilijivuna kuliko vijana wote wa Kilindoni. Zahanati zilikuwa zinaandika majina ya wagonjwa na dawa zao kwenye tovuti yetu, nami ndiye mtunzaji. Seva ina cheti, unajua, kinachoihakikishia kompyuta ya mtu kwamba hapa ndipo penyewe na hakuna anayechungulia njiani. Kina tarehe ya kuisha. Nilikuwa nimeweka programu ya kukihuisha, basi nikajisahau.

Asubuhi hiyo Bi Zuhura alipiga simu, nikamwamkia shikamoo kwa haraka haraka.

"Marahaba. Kompyuta yangu inasema muunganisho si wa faragha, cheti kimeisha muda."

Nikafungua faili la cheti kwenye seva. Kipya kabisa, kina miezi mitatu mbele.

"Cheti kizima, ninakiona hapa," nikasema. "Bonyeza palipoandikwa endelea."

"Sibonyezi."

"Bi Zuhura, fundi ni mimi."

"Na siri za watu ninazo mimi. Kuna mama hapa kaja kuchukua dawa ambazo hata mumewe hajui. Skrini inaniambia hapa si salama, wewe unaniambia ingia. Wewe unaona cha kwako huko. Ninachokiona mimi umekiona?"

Hapo ndipo nilipokata simu. Nikamshitaki kwa mkuu wetu kwamba mama huyu ni mkaidi. Mkuu akampigia kumwamuru, naye akakataliwa. Siku tatu Bi Zuhura aliandika wagonjwa kwenye daftari, akalifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alipotishiwa barua ya onyo, alijibu waitume na bodaboda mapema, mvua isije ikaharibu barabara. Zahanati nyingine zote zilinisikiliza, zikabonyeza.

Siku ya nne nilipanda pikipiki kwenda Bweni kumwonyesha ujinga wake. Barabara ile unaijua, nilifika mgongo si wangu. Nikakaa kwenye kiti chake, nikafungua tovuti yangu kwa kompyuta yake. Onyo likatokea. Nikakitazama cheti, nikakuta ni kile cha zamani. Programu ilikuwa imeleta cheti kipya na kukiweka kwenye faili, lakini seva haikuamshwa upya ikisome, ikawa inaendelea kuwaonyesha watu kile kilichokwisha. Mimi siku zote nilikuwa nakagua faili tu. Sikuwahi kupiga hodi kama mgeni.

"Basi hakukuwa na mwizi," nikasema, nikitafuta pa kuficha uso.

Hakucheka. "Safari hii. Na siku akiwepo, nitaona maandishi gani?"

Ni yale yale, mwanangu. Skrini haitabadilisha rangi eti kwa kuwa mara hii mwizi ni wa kweli. Nilikuwa nimekifundisha kisiwa kizima kumfungulia.

Niliporudi Kilindoni nikatengeneza seva, kisha nikaingia kwa mkuu kabla hata sijajipangusa vumbi. Barua ya onyo ya kumtumia Bi Zuhura ilikuwa mezani. Nikamwambia afute jina hilo, aandike langu. Akasema yaishe, hakuna haja ya kutangaza. Nikakataa. Nikapigia zahanati moja moja, nikawataka wote wabadilishe nywila, nikawaambia nimekosea, wasipite onyo tena hata nikiwaambia mimi. Kisiwa chetu unakijua, ukipiga chafya Utende, Bweni wanakuombea afya. Nilichekwa mwezi mzima. Na wacheke!

Kesho unazishika funguo za seva, basi nisikie. Usingoje siku ya mwisho ya cheti. Kikishahuishwa, hakikisha seva imekisoma, halafu toka, chukua simu ya mtu mwingine na mtandao wa mtu mwingine, uione tovuti yako kama anavyoiona mgeni. Na usimwambie mtu apite onyo, hata mkuu akikuamuru, hata foleni ya wagonjwa ikifika barabarani. Ukishindwa kutengeneza, zima, watu waandike kwenye daftari. Watakuita mkaidi. Bi Zuhura aliitwa hivyo hivyo, na yule mama wa dawa hakujua hata kama siri yake ilikuwa imepiganiwa. Ndivyo inavyotakiwa, asijue.

Mwenyezi Mungu akulinde, mwanangu, akupe moyo wa kukataa, na akikuona unavimba kichwa kama mimi, akuletee mtu wa kukukatalia. Amin. Haya, simu hiyo hapo. Mpigie yule wa Juani sasa hivi, nami nikiwa nasikia, umwambie asibonyeze.