Sketi za Alhamisi

Kila Alhamisi, muuza samaki wa soko la mji wa bandari wa Keelung husugua mikono kwa limau, kisha huanza kuhangaika na nguo. Huvaa sketi akaivua, akajaribu gauni la maua akaliona limezidi, akairudia sketi. Alizaliwa akaitwa mvulana, na anaogopa kwamba mshauri wa hospitali anayekutana naye kila Alhamisi akimwona amevaa suruali hatamwidhinishia dawa za homoni za kike.

"Mwanangu, unakwenda hospitali au unakwenda kuposwa?" humtania Bi Yu-lan wa meza ya ngisi.

"Nikienda hovyohovyo hataniamini, mama."

"Mimi nina watoto wanne, na sketi sina hata moja."

Alhamisi moja samaki walichelewa kufika, ikabidi aende hospitali mbio na mabuti yake ya mpira na suruali iliyojaa magamba. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba juu ya magoti, akisubiri kukataliwa. Mshauri aliyatazama mabuti, kisha akamtazama usoni.

"Dada, wiki hii umelalaje?" aliuliza, kama anavyouliza siku zote.

Siku zote yeye hujibu kwamba amelala vizuri. Safari hii aliushusha mkoba sakafuni, akasema, "Silali."