Tafadhari, kwa herufi R

Leo nilikaribia kumfuta kaka yangu kwa herufi moja.

Hapa kazini Ruiru niliombwa kusahihisha makosa madogo ya tahajia katika mwongozo wetu wa kuandika programu. Kaka yangu Kamau ndiye aliyeuandika, kabla hatujamzika.

Nilisahihisha tu. Koma, nukta, herufi kubwa. Sikuhisi chochote, kama siku hizi zote.

Kwenye ukurasa wa mwisho iliandikwa: "Tafadhari jaribu programu kabla ya kuituma."

Nikaweka L. Nikamtumia Otieno, mwenzetu, aipitie kazi.

Akakubali yote isipokuwa hiyo moja.

"Wanjiru dadangu, hiyo R irudishe."

"Lakini ni kosa."

"Najua ni kosa! Huyo Kamau si hata chai alituomba kwa tafadhari?"

Ni kweli. Na nyumbani Thika ilikuwa "tafadhari, niletee chumvi", nasi tunamcheka, naye anarudia makusudi.

Nimeirudisha R. Sikulia. Nimekaa tu nikiisoma.

Na wako, alikuwa akikosea neno gani? Niandikieni hapa chini, vile vile alivyolitamka. Msilisahihishe.