Sekunde Arobaini na Moja za Kapitolina

Kapitolina Arsenyevna Vdovina alizijua satelaiti za jeshi kuliko alivyowajua majirani zake, na hakuwahi kuiona hata moja. Mwaka 1963 alikuwa mpiga hesabu katika kituo cha kufuatilia vyombo vya angani, kando ya mto Yenisei. Kabla ya hapo alifundisha hisabati kwenye shule ya watoto wa wakata magogo, akaolewa, akaachika, akabaki na kifua kinachokohoa kila baridi na kichwa kisichosahau tarakimu. Watu walimheshimu. Lakini heshima haikumtosha, kwa sababu meza ya pili katika chumba kile ilikuwa ya Rimma.

Rimma Lvovna alikuwa na miaka ishirini na minne, mdogo wake kwa miaka tisa. Alizungusha mpini wa mashine ya hesabu huku akiimba kwa sauti ya chini, akamaliza, akajinyoosha, akanywa chai. Picha yake ilitundikwa kwenye Ubao wa Heshima mlangoni, na kila asubuhi Kapitolina alipita hapo akijifanya anafunga kifungo cha koti. Tuseme wazi: alimwonea wivu. Wivu ule wa kumtoa mtu hamu ya kula. Alivionea wivu vidole vyake, kicheko chake, hata skafu yake ya buluu iliyokuwa imeanza kuchanika.

"Dada Kapa, bado tu?" Rimma alizoea kuuliza.

"Nakagua."

"Haya, kagua. Chombo kitazeeka huko juu kinakusubiri!"

Waliokuwepo walicheka, na Kapitolina naye alicheka, maana angefanyaje?

Kazi yao ilikuwa kusema chombo, satelaiti ya jeshi ya kupiga picha, kitatokea lini juu ya kituo. Chombo kile cha kupiga picha hakielei angani kama wengi wanavyodhani. Kinaanguka saa zote, ila kina kasi kubwa kiasi kwamba dunia inajikunja chini yake kabla hakijafika chini. Kinazunguka kwa dakika tisini hivi. Nayo dunia haimsubiri mtu. Inageuka huko chini kama kiazi mkononi mwa mmenyaji, hivyo kila mzunguko chombo hupita magharibi zaidi ya pale kilipopita mwanzo. Halafu kuna hewa. Hata juu kule imebaki hewa kidogo, nayo hukivuta chombo. Mtu angedhani kikivutwa kitachelewa. La. Kinashuka, njia yake inakuwa fupi, kinawahi kufika. Kila mzunguko kinawahi kidogo tu, sehemu ya sekunde, lakini baada ya siku nzima vijisehemu hivyo vimekusanyika, na askari wa antena wanaelekeza bakuli lao la kunasia mawimbi mahali ambapo chombo kimeshapita.

Ndiyo maana kila hesabu ilifanywa na watu wawili, kila mmoja kivyake, bila kuangaliana. Majibu yakilingana, yanapelekwa kwenye antena. Yakitofautiana, wote wawili wanaanza upya huku mkuu wa kituo, Meja Tolmachov, amesimama nyuma yao. Majira yale ya baridi majibu yao yalikuwa yametofautiana mara tatu, na mara zote tatu aliyekosea alikuwa Kapitolina. Mara ya tatu alisikia mtu koridoni akisema, "Vdovina tena." Maneno mawili tu, lakini alilala nayo na kuamka nayo.

Mwezi Machi ikaja barua: kituo cha Simferopol, kusini kwenye jua na zabibu, kinataka mpiga hesabu mmoja kutoka kwao. Mmoja tu. Kapitolina aliitaka nafasi ile kwa ajili ya kifua chake. Na kama angebanwa aseme kweli yote, angekiri kwamba zaidi ya kuipata yeye, alitaka Rimma asiipate.

Jumanne moja asubuhi ililetwa simu ya maandishi: jua limechafuka, hewa ya juu imekuwa nzito mara tatu. Kapitolina aliisoma mara mbili na kuitumia namba mpya. Rimma aliitupia jicho na kuendelea na kuimba. Kapitolina alipata saa nne, dakika kumi na nne, sekunde ishirini. Akaandika kwa wino. Kisha akafanya alichokuwa amezoea kufanya tangu Januari: akainuka kwenda kwenye jiko kuongeza chai, akapita polepole nyuma ya Rimma.

Saa nne, dakika kumi na tano, sekunde moja.

Tofauti ya sekunde arobaini na moja. Alirudi kuketi, akaitazama kazi yake. Ilikuwa sawa. Aliipitia tena, ikawa sawa. Lakini namba ile nyingine ilikuwa ya Rimma, na Rimma hakosei. Akilini alimwona tayari Meja nyuma ya kiti chake. Alisikia koridoni, "Vdovina tena." Simferopol ikimponyoka kwa kosa la nne.

Katika chumba kile raba ilipigwa marufuku. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja juu ya namba, ili isomeke, na unatia sahihi pembeni. Kapitolina alipitisha mstari juu ya jibu lake, akatia sahihi, akaandika chini yake jibu la Rimma.

"Yamelingana!" alisema karani aliyelinganisha karatasi zao.

"Leo karibu uniwahi, dada Kapa," Rimma akasema, na akasema kwa furaha ya kweli.

Chombo kilikuja mapema. Vijana wa antena walipokipata, kilikuwa kimeshapanda juu sana, na amri waliyopaswa kukipelekea haikuwahi kupokewa. Dakika tisini baadaye dunia ilikuwa imegeuka, chombo kikapita mbali upande wa magharibi, na kituo kingine ndicho kilichotuma amri hiyo. Kituo kizima kilitembea kimeinamisha vichwa, kama watu walionyang'anywa ng'ombe wao mchana kweupe.

Saa nane Meja aliwaita wote wawili. Karatasi zilikuwa mezani kwake. Kabla hajafungua mdomo, Rimma alisema, "Ndugu Meja, kosa ni langu. Nimetumia namba ya hewa ya jana. Niliikumbuka kwa kichwa, nikaona uvivu kuifuata mpya." Machozi yalikuwa yanamtiririka na wala hakuyafuta.

"Nimeona," Meja akasema. Kisha akaigeuza karatasi ya pili. "Kapitolina Arsenyevna, na huu mstari?"

Kapitolina aliutazama mstari ule na sahihi yake pembeni.

"Ulikuwa sahihi. Ulikuwa nayo kwa wino. Nani alikwambia uikate?"

Angeweza kusema uchovu. Angeweza hata kusema ni Rimma, na sentensi hiyo ilimfika ulimini. "Niliangalia ya kwake," akasema. "Nikaamini yake kuliko yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa wivu, Ndugu Meja."

Meja alivua miwani. "Wivu siwezi kuuandika kwenye ripoti. Nitaandika uchovu." Alifungua droo, akatoa fomu ya Simferopol na kuilaza mbele yao. Jina la Vdovina lilikuwepo, kwa penseli. "Niliandika wiki iliyopita. Nilisema, huyu huchelewa lakini anakagua. Mtu wa kukosea ninaweza kumvumilia. Mwenye jibu sahihi akalificha, nitamtilia sahihi vipi?" Akachukua raba yake, maana mkuu alikuwa nayo, akalifuta.

Rimma ndiye aliyekwenda. Siku ya kuondoka alimkumbatia Kapitolina kwenye stesheni ya treni, kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, akamwambia sikioni, "Ungeniambia tu, dada yangu. Ningerudia, tungecheka, tungesahau."

Kapitolina alitikisa kichwa kukubali. Treni ilipoanza kwenda alimwonea wivu kuliko siku zote, na safari hii haikuwa kwa ajili ya picha wala ya Simferopol. Alimwonea wivu kwa sababu Rimma angeweza kusema "nimekosea" mbele ya watu, akalia, na usiku akalala usingizi.