Bolti Isiyokatika

Mashine ya kukata nyasi ya shule yetu iliharibika asubuhi, na kufikia chakula cha mchana ilikuwa imeshaamuliwa kwamba mimi ndiye niliyeiua. Mimi mwenyewe sikuwa na habari. Nilikuwa kwenye foleni ya githeri, sahani mkononi, nikimweleza jamaa wa mbele yangu kwamba maharagwe ya siku hiyo yalikuwa machache mno, tena yamegombana, hakuna lililotaka kukaa karibu na lingine. Ndipo naibu wa mwalimu mkuu akanishika sikio kutoka nyuma.

"Sasa umefurahi," akasema.

Mimi na huyu naibu hatukuwahi kupendana. Yeye alifundisha Historia kama mtu anayesoma hukumu, na mimi nilikaa nyuma ya darasa nikikata rufaa. Kila alichosema nilikuwa na neno dogo la kuongezea, wenzangu wanacheka, yeye anageuka akitafuta nani. Hakuhitaji kutafuta sana.

Shule yetu iko nje kidogo ya Kosele. Muhula huo tulikuwa tumepewa kuandaa mashindano ya mpira, na mvua ilikuwa imeuotesha uwanja mpaka mtoto wa mbuzi angeweza kupotea ndani akatangazwa redioni. Kazi ya kuukata ilikuwa ya mashine inayovutwa na trekta. Kwa asiyeijua: ni bati nene pana, kama sufuria iliyopinduliwa juu chini. Chini yake kuna visu viwili vinavyozunguka, na mgongoni imebeba giaboksi, sanduku la gia zake. Shafti inatoka kwenye trekta kupeleka nguvu kule nyuma, na visu vinachinja kila kitu.

Wiki iliyotangulia, naibu aliisifu mashine hiyo kwenye gwaride la asubuhi kana kwamba ni mwanawe amepita mtihani. Nikasema, kwa sauti iliyonizidi kidogo, kwamba kwa jinsi inavyokohoa tutaizika kabla ya mechi ya kwanza. Shule nzima ikaangua kicheko. Lakini pande zetu neno kama hilo halipiti bure. Kuna watu wanaoitwa wenye mdomo. Mmoja wao akimsifu ng'ombe wako, ng'ombe anakonda. Akisema kitu kitakufa, kinaanza kutafuta pa kulala. Kwa hiyo mashine ilipokufa kweli, jikoni na mabwenini walikuwa wameshamaliza kesi.

Naibu alikuwa mtu wa makaratasi. Hangeweza kumfukuza mwanafunzi akaandika sababu ni mdomo. Alihitaji kitu cha kushika, na dereva wa trekta akampa: chuma cha kitanda cha bweni, alichosema amekiokota pale mashine ilipozimikia. Kitanda changu kilikuwa kimepungukiwa chuma. Vitanda vyote vya shule ile vilikuwa vimepungukiwa vyuma, wengine tulilalia kamba za katani, lakini kilichoangaliwa kilikuwa changu tu.

"Ijumaa baba yako anakuja," naibu akasema. "Na hapa hurudi tena."

Hapo utani ulinikauka. Baba, karani mmoja mkavu wa Migori mjini, alikuwa ameshaniambia mara ya mwisho nilipofukuzwa: ukirudi tena nyumbani kabla ya shule kufungwa, vitabu nagawa, wewe unakwenda Magunga kwa mjomba wako kuchunga ng'ombe. Niliwahi kwenda huko likizo moja. Mbung'o wa upande wa mbuga ya Ruma wanauma kama wana hati ya korti. Baba hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa anatoa ratiba.

Mchana huo nikapelekwa kwenye banda la trekta. Dereva alikataa kuinua mashine peke yake. "Mwenye kuvunja ndiye atainua," akasema.

Alikuwa pande la mtu kutoka upande wa Isebania, na alituchukia wanafunzi wote sawasawa, bila ubaguzi, sifa pekee ninayoweza kumpa. Tukaipandisha mashine kwa jeki, tukaikingia mawe. Naibu akasimama mlangoni na kiboko chake chini ya kwapa.

"Ingia chini," dereva akaniamuru. "Uone kazi ya mkono yako."

"Mkono wangu nauona hapa juu."

"Ingia."

Nikaingia. Nililala chali, kiatu chake kikiwa karibu na sikio langu kuliko nilivyopenda. Kwanza nikaangalia visu. Vilikuwa butu kama siku ya Jumapili bila ruhusa ya kutoka, lakini vilikuwa vizima. Nikapitisha kidole ukingoni kote nikitafuta pengo. Hakukuwa na pengo.

"Nipeni hicho chuma cha kitanda," nikasema.

"Cha nini?"

"Si mnasema ni changu? Nataka kukisalimia."

Naibu akakirusha chini. Kilikuwa kutu tupu kutoka mwisho hadi mwisho. Nikatoka nacho nikakiweka mbele yake. "Mwalimu, visu vinazunguka kwa kasi ile, vigonge chuma, chuma kisipate hata mkwaruzo? Na kisu nacho kisipate pengo? Hawa wawili hawajawahi kukutana."

"Mashine ilimeza chuma ikateleza," dereva akasema.

"Ikameza ikatema bila kutafuna."

Akanipiga kofi la kisogo. Naibu hakumkataza, lakini aliinama akakiokota kile chuma, akakigeuzageuza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayekupa kamba ujinyonge mwenyewe, "Basi ni nini kilichoivunja?"

Sikujua. Nilijua tu kwamba si mimi, na hilo si jibu la mtihani wowote. Nikashika shafti nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka, lakini visu havikufuata, na ndani ya giaboksi kukasikika mlio kama mtu anatafuna changarawe. Dereva akaona afadhali aifungue mwenyewe kuliko kuniona nikigusagusa. Oili aliyoimwaga kwenye karai ilikuwa nyeusi, na juu yake vilielea vipande vidogo vinavyong'aa kama magamba ya samaki. Alipokitoa kifuniko, tukaona gia ndogo: meno ya upande mmoja yamekwisha, yamebaki visiki.

"Unaona?" dereva akamwambia naibu. "Nguvu ya hiyo chuma imefika mpaka huku ndani."

Mimi nikabaki kujiuliza nguvu hiyo ilipitaje njia yote isizuiwe popote. Nikaifuata shafti kwa macho kutoka kwenye giaboksi kurudi kwenye trekta. Pale shafti inapoungana na giaboksi palikuwa na bolti moja. Mashine nzima ilikuwa kutu na matope na mavi ya ndege, lakini bolti hiyo iling'aa kama jino la dhahabu. Kichwani ilikuwa imepigwa namba.

"Hii bolti ni mpya?" nikamuuliza.

Sura ya dereva ikafunguka. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake.

"Hiyo ni yangu. Zile za kwanza zilikuwa takataka. Nagonga kichuguu, imekatika. Nagonga jiwe kidogo, imekatika. Nashuka, napanda, nashuka, napanda, magoti imeisha. Shemeji yangu ako Isebania, anauza vitu ya lori. Akaniambia shika hii, ni ya trela. Hii hata ukigonga mlima, ni mlima itakatika."

"Na tangu uiweke?"

"Haijakatika hata siku moja."

Alisema hivyo kwa fahari, amesimama mbele ya giaboksi iliyotapika meno yake yote. Nikacheka mpaka nikaegemea gurudumu. Naibu akainua kiboko.

"Mwalimu, ngoja," nikasema. "Hiyo bolti ni fiusi."

Kiboko kikabaki hewani. Hilo neno fiusi halikuwa la kutamkwa mbele ya naibu. Wakati wa Kombe la Dunia, fiusi ya runinga ya walimu ilikuwa inaungua kila mara. Naibu alichoka nayo, akaivilingishia karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara. Haikuungua tena. Iliungua runinga, kipindi cha pili, na walimu wakamaliza mechi kwa kuhadithiana. Shule nzima ilijua. Mfagiaji wa ofisi ya walimu alikuwa mtu wa watu.

"Fiusi gani?" dereva akauliza. "Mashine haina stima."

Nilikuwa namwangalia naibu, naye alikuwa anaiangalia ile bolti, kiboko kikishuka polepole. Alikuwa ameelewa, na alinichukia zaidi kwa kuelewa kwa njia hiyo. Kwamba zile bolti laini za kwanza ziliwekwa ili zikatike zenyewe, gia ipone. Kwamba mashine iligonga kisiki au jiwe kama siku zote, na safari hii kitu pekee kilichokubali kuvunjika kilikuwa meno.

"Toa hiyo takataka," akamwambia dereva.

"Mwalimu, huyu mtoto—"

"Nimesema toa."

Gia nyingine ilipatikana kwa mkulima wa upande wa Migori, aliyekuwa na mashine kama hiyo imelala bomani mwake, kuku wakitagia ndani. Dereva akaifunga gia hiyo akinuna. Akabadilisha sili inayozuia oili isivuje, akaijaza giaboksi oili, akaizungusha shafti kwa mkono mpaka visu vikafuata bila kutafuna chochote. Kisha akachukua bolti laini kwenye mkebe wake akanirushia kifuani.

"Weka wewe. Na ikikatika, ni wewe."

Nikaiweka. Tukaenda uwanjani, naibu akitufuata kwa miguu. Nyasi zikaanza kuruka. Karibu na kona, mashine ikapanda kichuguu, tukasikia mlio mmoja mkavu, na visu vikasimama. Dereva akashuka akitukana kwa lugha yake, nami sikuhitaji mkalimani. Bolti ilikuwa vipande viwili. Giaboksi ilikuwa nzima. Akapiga magoti kwenye majani mabichi akaweka nyingine, na naibu akasimama juu yake akiangalia.

Ijumaa baba alifika hata hivyo, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumzuia. Alikuja na kamba ya kufungia sanduku langu juu ya basi.

"Mzee, kijana wako hakuvunja mashine," naibu akamwambia.

"Basi mmeniita ya nini?"

"Ana mdomo."

"Huo najua. Nimekaa nao miaka." Baba hakuniangalia. "Mimi nauliza, anaingia darasani au anapanda gari?"

Niliona wazi jibu ambalo naibu alitaka kutoa, na niliona wazi kwamba halikuwa na karatasi ya kuliandikia.

"Aingie darasani," akasema mwisho. "Lakini kila kona ya uwanja ambayo trekta haifiki, atafyeka yeye. Mpaka muhula uishe."

"Afyeke."

Baba akaizungusha ile kamba mkononi, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuniaga. Naibu akanionyesha kwa kidole stoo ya slasha za kufyekea. Nikaenda kuchagua moja yenye makali. Haikuwepo hata moja.