Mwanamke Aliyepanda Viazi vya Wanaume

Gatakaa wa Kanyakine si mtu wa maneno mengi. Waliomzoea husema hata jogoo wake huwika kwa adabu. Ana ng'ombe mmoja, Jumapili huimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kwenye mteremko ulio chini ya nyumba ana viazi vikuu vinavyopanda juu ya miti ya muuti iliyo hai. Wenyeji huviita ikwa.

Sasa, ikwa huku Meru ni mambo ya wanaume. Mwanamke ana nduma zake kule mtoni, ana njahi, ana maharagwe; lakini mbegu ya ikwa ni ya baba, na mke akiipanda, wazee walisema, atakuja kumzika mumewe. Vijana wa leo huicheka imani hiyo, ila sijaona hata mmoja wao akimpa mkewe jembe amwambie kapande.

Kobia, mume wa Gatakaa, alipopigwa na kiharusi, viazi vilikosa mtu. Basi akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki pale juu ya mteremko, akimwelekeza mkewe kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu. Chimba kutoka kando. Kata kiazi chini, kichwa kibaki na mizizi yake. Rudisha udongo, uache mti uendelee kukibeba. Mwaka uliofuata Gatakaa akapanda mashina mapya kwa mkono wake, na Kobia akafurahi sana. Kabla ya mavuno, Kobia akafa.

Tangu hapo Gatakaa alifunga mdomo. Watu walidhani viazi vinatunzwa na Mithika, mdogo wake Kobia, naye Mithika, ambaye parachichi zake hazikumwachia nafasi hata ya kukohoa, hakuona sababu ya kuwasahihisha. Gatakaa mwenyewe laana hakuiamini, Biblia anaisoma. Alichoogopa ni macho ya Makandi, mama mkwe wake, aliyekaa naye boma moja na aliyempenda kama mama mzazi. Angemwambiaje mama aliyemzika kifungua mimba wake kwamba wakati mwanawe angali hai, yeye alishika ile mbegu?

Halafu ikaja habari ya wageni kutoka nchi nne. Chama cha wakulima cha Kanyakine kimo katika muungano wa wakulima wa nchi kadhaa za Afrika, wanaotembeleana na kufundishana, kila mmoja akitunza mbegu ambayo mwenzake anaweza kuihitaji ukame ukimmaliza. Wenzetu wa Ghana ni mabingwa wa viazi vikuu, lakini kwao hupandwa upya kila mwaka. Msitu unakatwa kupata ardhi mpya, miti inakatwa kupata nguzo, na mvua inazidi kuwapiga chenga. Walikuwa wamesikia kwamba huku shina moja laweza kuishi muda mrefu kuliko aliyelipanda, likiegemea mti ulio hai. Walitaka kuona kwa macho, na mwenye shamba angealikwa Ghana akafundishe huko.

Mithika ndiye mwenyekiti wa chama, na alilipanga jambo mapema. "Shemeji, wewe shughulika na chai na githeri. Hii maneno ya ikwa niachie mimi." Gatakaa akasema sawa.

Wageni wakafika, wakanywa chai, wakashuka shambani. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo kutoka Techiman, Ghana, jina lake Efua, mkulima mwenye viganja vigumu. Kananu, afisa wa kilimo, alikuwa akimtafsiria. Makandi alishuka pia, polepole na mkongojo wake, akawekewa kiti. Mithika akaeleza kuhusu udongo, akaeleza kuhusu serikali, akamwombea kila mtu heri, kisha akashika jembe aonyeshe kuvuna. Akalinyanyua juu ya shina kubwa kuliko yote, moja kwa moja juu ya kichwa.

"Shemeji, acha," Gatakaa akasema. "Hapo utaua."

Akalichukua jembe, akapiga magoti, akafukua kutoka kando mpaka kiazi kikaonekana, kinene kama paja. Akakata chini, akaacha kichwa, akarudisha udongo. Efua alichuchumaa karibu naye akitazama. Kwao pia, akasema kupitia Kananu, viazi vikuu ni vya wanaume, na vyake yeye vinajulikana kuwa ni vya kaka yake. Kisha akauliza ni nani hasa aliyepanda haya mashina.

Lilikuwa swali la kawaida. Angeweza kujibu kwamba ni marehemu mumewe, na siku ikaisha salama. Lakini Gatakaa alikuwa amechoka kubeba jambo hilo peke yake. Akageukia kiti cha Makandi, akasema kwa Kimeru.

"Ni mimi, mama. Nilianza kupanda Kobia akiwa hai. Kama nilikosa, unisamehe."

Makandi alielekeza mkongojo wake juu ya mteremko. Alitazama miti, si watu.

"Hiyo miti mikubwa ya kule juu, ikwa zake ni mimi nilipanda," akasema. "Baba yenu alikuwa kazi Nanyuki, anarudi Krismasi. Mlidhani ikwa zinangoja Krismasi?"

"Lakini baba alisema ni zake," Mithika akasema.

"Alisema. Nami nikamwachia. Akazeeka vizuri, hakuna kitu kilimpata." Sauti yake ikashuka. "Lakini siku tulizika Kobia, nilijua ni mimi. Nilisema ile laana ilikosa baba yake, ikangoja mtoto. Niliogopa wewe ukijua, hutaniita mama tena."

Gatakaa alikaa chini, udongo ukiwa bado mikononi, akalia waziwazi mbele ya wageni wa nchi nne. Akamshika mama mkwe wake magoti.

"Ilikuwa presha, mama. Daktari alisema ni presha."

"Presha tu?"

"Presha tu. Mimi na wewe hatukuua mtu."