Samansi Iliyonipandisha Meru

Nakumbuka asubuhi moja pale Sakina, pembeni mwa mji wa Arusha, nikiwa nimeolewa juzijuzi tu, nina mimba ya kaka yenu mkubwa. Cherehani yangu nilikuwa naiweka barazani, kwenye kibanda kinachotazama barabara ya Nairobi. Akasimama mbele yangu baba mmoja mwenye faili kwapani, akanisalimia vizuri, kisha akataja jina langu lote mpaka la ukoo wa baba, ambalo tangu niolewe hakuna mtu aliyekuwa analitaja. Hapo tu nikaacha kushona.

"Mama, natoka mahakamani," akasema. "Nimekuletea samansi yako. Weka sahihi hapa."

Mwanangu, neno samansi nilikuwa nalijua kwa namna mtaa ulivyolijua. Tukisikia fulani kapata samansi, sisi tulishamfunga siku hiyohiyo, na mkewe tukamwonea huruma. Kwa hiyo nikamwambia yule baba kwamba sijaiba, sijapigana na mtu, akamtafute mwenye jina kama langu. Akaniambia kwa upole kwamba sahihi ile inaonyesha tu karatasi imenifikia. Sikumwamini. Nilisaini kwa sababu wateja walishaanza kusogea kusikiliza, nami nilitaka aondoke. Akaniachia nakala, akaenda zake.

Baba yenu aliporudi akaitazama. Aliona jina langu, akaona mhuri, basi, hakuendelea kusoma. Akaanza kunifungia begi. Msimcheke, ni mapenzi yalimfanya vile.

"Panda kwenu Meru," akaniambia. "Kaa kwa baba mpaka haya mambo yapite. Wakija hapa nitasema umesafiri."

Kesho yake nikapanda na begi langu. Nyumbani kwetu ni kule juu ya Tengeru, unajua penyewe, palipo baridi hata jua likiwaka. Nilimkuta baba anakatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akalitazama begi.

"Mumeo mzima?"

"Mzima, baba. Nimeitwa mahakamani." Nikaanza kulia.

Akaweka panga chini. "Mahakama yenyewe iko wapi?"

"Mjini, Arusha."

"Sasa umeitwa mjini, mbona umekuja kwangu?"

Nikaitoa karatasi begini. Akaketi juu ya gogo, akaniambia nimsomee ile karatasi yote, taratibu, nisiruke neno. Nikasoma. Katikati pale, mahali ambapo mimi na baba yenu hatukufika kwa hofu, pameandikwa kwamba naitwa kutoa ushahidi, na kwamba aliyeomba niitwe ni mshtakiwa wa kesi ya wizi wa ng'ombe, mtu anayeitwa Lemburis.

"Unamjua?" baba akauliza.

Jina nilikuwa nimelisikia mara moja tu. Lakini mtu mwenyewe nilimkumbuka palepale. Miezi ya nyuma, ng'ombe waliokuwa wanaswagwa kwenda mnadani walipita Sakina, na mmoja akapotea kwenye msongamano wa mabasi, akaishia kibandani kwangu. Kijana wa Kiarusha aliyekuwa anapita akamshika, akamfunga kwenye uzio wangu, akazunguka gereji zote akiuliza mwenyewe ni nani. Mimi nilimpa yule ng'ombe maji, naye kwa shukrani akatafuna pindo la gauni la mteja. Nikamgombeza kijana kana kwamba ni yeye aliyelitafuna. Akaniomba radhi sana. Jioni ilipoingia bila mtu kujitokeza, akaniambia, "Mama, mimi naitwa Lemburis. Nampeleka kwetu asije akagongwa na gari. Mwenyewe akija, mwelekeze kwangu." Akanieleza ni wapi, upande wa magharibi wa Mlima Meru, akaniuliza jina langu, nikamtajia lote mpaka la ukoo. Mwenyewe hakuja kwangu. Nami nikashona, nikasahau.

Kumbe mwenye ng'ombe alimtafuta kwa njia nyingine, akamkuta kwenye boma la kina Lemburis, akaenda polisi. Kijana akashtakiwa kwa wizi wa mifugo. Na mtu aliyesikia maneno yake yote siku ile ni mimi, niliyekuwa nimekuja kujificha kwenye migomba.

Nilipomaliza kumsimulia, baba aliinuka kwenye gogo. Halafu akanikemea, na mpaka leo sauti yake naisikia.

"Mtoto wa mwenzio yuko hatarini, anakuita, wewe unakimbia? Samansi maana yake ni wito. Umeitwa, basi. Hakuna aliyesema umekosa."

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kutuambia watoto wake. Zamani jirani alimshtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa. Samansi ikaja, baba akaona ni dharau kuitwa na mtu anayemsalimia kila siku, akakataa kwenda. Shauri likasikilizwa bila yeye, na kipande kile cha kuelekea mtoni kikaenda kwa jirani. "Hakimu hakunionea," akasema. "Alimsikiliza aliyekuwepo."

Siku iliyoandikwa ilipofika, baba alishuka nami mjini amevaa koti lake la kanisani, na baba yenu akatukuta pale nje ya mahakama, uso umemshuka kwa aibu. Baba akamshika mkono tu, hakumsema. Nilipoitwa ndani nikamwona Lemburis kizimbani, amekonda. Aliponitambua alifumba macho, akashusha pumzi.

Nikaapa, nikaeleza nilichokiona. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Watu wanapita wengi barabarani. Huyu unamkumbukaje?"

"Ng'ombe alikula gauni la mteja wangu," nikasema. "Ilibidi nilishone upya lote."

Watu wakacheka, hakimu mwenyewe akainamia karatasi zake. Lakini maneno yaliandikwa. Hukumu ilipotoka, Lemburis aliachiwa huru. Alikuja Sakina na mama yake, wamebeba maziwa kwenye kibuyu. Yule mama hakukijua Kiswahili vizuri. Aliniwekea tu kiganja kichwani, kisha tumboni, akasema maneno ya kwao. Nilijisikia vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na baba yenu anajua kwamba nasema hivyo.

Basi mwanangu, nisikilize. Samansi, au hati ya wito kama wanavyoiandika siku hizi, inaweza kumwendea aliyeshtakiwa, inaweza kumwendea anayedaiwa shamba au nyumba, inaweza kumwendea shahidi asiye na kesi yoyote. Ikikufikia, isome mpaka chini: mahakama gani, shauri gani, siku gani, na unaitwa kama nani. Isaini ukijua umekiri kuipokea, hujakiri kosa. Nasikia sasa nyingine zinafika hata kwenye simu. Ukiona ya hivyo na una shaka, nenda mahakamani mwenyewe ukamuulize karani kabla hujamjibu mtu. Kama unaumwa au uko mbali, watumie habari mapema. Usinyamaze, maana asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa, na shahidi anayekataa wito anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Hiyo ndiyo karatasi ya kuogopwa. Na ukimsikia jirani kapata samansi, usimfunge kwa mdomo wako.

Mungu akupe moyo wa kuitika unapoitwa, na ulimi wa kusema ulichokiona bila kuongeza. Akujalie siku ukiwa wewe mwenye shida, uliyemwita asikukimbie. Nenda kwa amani, mwanangu, unisalimie wa nyumbani kwako.